Barua ya wazi kwa Sony, NetEase na Marvel: Storm ana kwao Kenya, sisi tunaingia kwa anwani ya kuazima

Kwa wakuu wa Sony Interactive Entertainment,
Kwa wakuu wa NetEase Games,
Kwa wakuu wa Marvel Games,

Salaam kutoka Dar es Salaam.

YAH: MARVEL RIVALS KWENYE PS4 NA WACHEZAJI WA AFRIKA MASHARIKI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimewaandikia nyote watatu kwa pamoja kwa sababu jambo lenyewe limegawanyika mikononi mwenu: mmoja anashika akaunti, mwingine anashika seva (kompyuta kuu zinazoendesha mechi), wa tatu anashika mashujaa. Nikimwandikia mmoja peke yake atanielekeza kwa mwenzake, na mwenzake atanirudisha kwake.

Marvel Rivals, mchezo wa bure wa mtandaoni ambamo mashujaa wa Marvel wanapigana timu kwa timu, ilitoka tarehe 6 Desemba 2024 kwenye kompyuta na kwenye mashine za gemu za PS5 (PlayStation 5 ya Sony) na Xbox Series X na S. Kwa wengi wetu huku hiyo ilikuwa habari ya kusoma na video za kutazama. PS5 ipo Dar, ipo Nairobi, ipo Kampala, lakini ipo kwa wachache. Mashine iliyoenea mitaani ni PS4, na bado kuna PS3 zinazofanya kazi kila siku mpaka mafeni yake yanalia. Kwa hiyo siku ambayo mchezo huu ulitufikia kwa kweli ni tarehe 12 Septemba 2025, msimu wa 4 ulipoanza na toleo la PS4 likafunguliwa. Ninayoandika hapa ni maoni ya mwanzo ya mtu aliyeingia kwa mlango huo, akiwa na padi ya PS4 mkononi na bando la simu likimlisha intaneti.

Nianze na pongezi, maana mnazistahili.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba mashujaa wote wako wazi. Walikuwa 33 siku mchezo ulipotoka, sasa wamepita 40, na hakuna hata mmoja anayeuzwa. Unaingia, unamchukua Hulk, ukimchoka unamchukua Spider-Man, ukishindwa naye unakwenda kwa Groot. Kinachouzwa ni mavazi, na asiyenunua vazi hapungukiwi nguvu yoyote uwanjani. Sisi tumezoea kinyume chake. Mwaka 2020 mchezo mwingine wa mashujaa hawahawa, Marvel's Avengers, ulikuja kwa bei kamili ya dukani, na kufikia tarehe 30 Septemba 2023 ukawa umeacha kuuzwa kidijitali. Kijana wa huku aliyedunduliza akaununua alikuwa amelipa pesa nyingi kwa mchezo wenye umri mfupi. Ninyi mmefungua milango mkasema karibuni wote. Tena pasi ya msimu, ile tiketi ya kulipia inayofungua zawadi kadri unavyocheza, mtu akishainunua, haiishi muda wake msimu ukiisha. Anaweza kurudi baadaye akaimalizia. Kwa mtu ambaye bando lake hukata katikati ya mwezi na umeme wake una ratiba yake wenyewe, jambo hilo ni kubwa sana. Ni mara chache mchezo wa mtandaoni unamsubiri mchezaji.

Kitu cha pili ni ladha ya mechi yenyewe. Watu sita kwa sita. Kuna wanaotangulia mbele kubeba mapigo, kuna wanaoshambulia, kuna wanaotibu wenzao kwa nyuma, na timu isiyo na mtabibu hufa mapema hata ikiwa na washambuliaji hodari kiasi gani. Kuta zinabomoka. Unajificha nyuma ya ukuta, ukuta unaondolewa, unabaki umesimama peupe. Mara ya kwanza kukutana na Jeff, yule papa mdogo wa nchi kavu, nilidhani ni kikaragosi cha kuchekesha watoto, mpaka alipozama chini, akatokea katikati yetu, akatumeza karibu timu nzima, akaenda kututapika nje ya ukingo wa uwanja. Na Rocket akipanda bega la Groot, mnaona aliyebuni hilo alikuwa anawapenda hao wahusika kweli. Mashujaa wanasaidiana kwa namna ambayo haimo kwa mmoja mmoja, hivyo hata kuchagua nani awe nani kunakuwa mazungumzo kabla ya mechi.

Lakini niliyebaki naye ni Storm. Anaelea, hatembei. Anarusha upepo unaokata ukapita kwa adui wa kwanza ukamfikia wa nyuma yake. Amebeba hali ya hewa mbili, na kazi yako ni kujua lini ubadilishe: upepo, na wenzako walio karibu nawe wanakimbia haraka, radi, na mapigo yao yanazidi kuuma. Kwa hiyo Storm mzuri hapimwi kwa aliowaua. Anapimwa kwa kukaa mahali panapofaa, karibu na wenzake, akiwapa kasi wakati wa kuvamia na nguvu wakati wa kupiga. Nguvu yake kuu ikijaa anageuka kimbunga chenyewe, anawavuta maadui ndani, na hapo unasikia chumba kizima kinapiga kelele, maana huku mchezo hauchezwi mtu akiwa peke yake chumbani.

Sasa hapa ndipo barua inapoanza hasa.

Storm ni Ororo Munroe. Mama yake ni Mkenya. Mwaka 1975, alipoonekana kwa mara ya kwanza kwenye vitabu vya katuni vya Marvel, alionekana akiwa Kenya, watu wakimwendea kumwomba mvua wakati wa ukame. Black Panther, yaani T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, alizaliwa kwenye kurasa za Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, na ramani za Marvel zimekuwa zikiiweka Wakanda upande huu wetu wa Afrika Mashariki. Kwenye Marvel Rivals mmeijenga Wakanda kwa mapenzi makubwa: kuna uwanja wa Birnin T'Challa wa kugombea eneo, kuna Ukumbi wa Djalia, kuna dhahabu na zambarau mpaka jicho linatosheka. Hadithi nzima ya mchezo ni ya nyakati zilizochanganyika baada ya ugomvi wa yule mwovu Doctor Doom na Doom mwingine wa mwaka 2099. Mashujaa wetu wawili wako mezani tangu siku ya kwanza, na ardhi yetu ya kubuni ni uwanja wa vita.

Ila mtoto wa Kisumu anayetaka kumcheza Storm hawezi kuandika Kenya.

Wakuu wa Sony, hili mnalijua vizuri kuliko mimi. Mei 2024 mlipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wafungue akaunti za PlayStation Network, mchezo huo uliondolewa sokoni kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, katika nchi na maeneo yapatayo 177, kwa sababu huko huduma yenu haikuwa imefika rasmi. Dunia ikapiga kelele, na baada ya siku chache mkaachana na mpango huo. Watu wa Ulaya na Marekani walishangaa kusikia kwamba kuna nchi nyingi hivyo nje ya orodha. Sisi hatukushangaa. Tanzania ilikuwa nje, Kenya nje, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo zote nje. Kusini mwa Sahara, nchi iliyokuwa na duka rasmi ni Afrika Kusini.

Na mashine zenu ziko huku miaka yote. Zinauzwa Kariakoo, zinauzwa katikati ya Nairobi, zinatoka Dubai na mitumba zinatoka Ulaya. Kwa hiyo watu wakafanya kile ambacho watu hufanya. Anayefungua akaunti anaandika kwamba anaishi Afrika Kusini, au Uingereza, au Marekani. Anatafuta anwani ya mtaa asioujua, anaijaza, anaendelea. Masharti yenu yanataka taarifa za kweli, naye tangu ukurasa wa kwanza amelazimika kuandika zisizo za kweli, kwa sababu ukweli wake haumo kwenye orodha ya kuchagua.

Mtaniuliza, kwani kuna ubaya gani, si anacheza? Anacheza. Lakini nchi ya akaunti ikishachaguliwa haibadilishwi. Aliyeandika Uingereza anahitaji vocha ya kulipia ya Uingereza. Ya Marekani haiingii. Vocha hizo huku zinapitia mikono ya watu wa kati, kila mkono unaongeza chake, na anayenunua hana risiti wala pa kulalamika ikiwa namba imeshatumika. Akisahau neno la siri, akadukuliwa, akaulizwa anaishi wapi, atajibu nini? Akiandika ukweli anajiumbua, akiendelea na anwani ya kuazima hana hati ya kuithibitisha. Kila saa aliyoweka kwenye mchezo, kila daraja alilopanda, limesimama juu ya msingi ambao hawezi kuutetea. Mchezo unasema ni wa bure na ni wa wote, na kwa upande wa NetEase ni kweli. Mlango ulio mbele yake ndio wenye tatizo.

Na isidhaniwe kwamba hakuna njia ya kisheria. Sheria ya Fedha ya Tanzania ya 2022 iliweka kodi ya asilimia 2 kwenye huduma za kidijitali za kampuni zisizo na makazi nchini, na utaratibu wa kujisajili kwa mbali upo. Serikali zetu zimeshakubali kwamba kampuni inaweza kuwa Tokyo au California na wateja wake wakawa Mwanza. Na njia ya kulipia ndiyo isiyo na shida kabisa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na leo mama muuza mboga anapokea malipo kwa simu bila kufikiri mara mbili. Kijana ambaye hana kadi ya benki, na pengine hatakuwa nayo kwa miaka mingi, ana pesa kwenye laini yake sasa hivi. Anataka kulipa kihalali. Hana pa kulipia.

Wakuu wa NetEase, sasa niseme nanyi kuhusu vibanda.

Kibanda cha gemu cha mtaani kina televisheni mbili au tatu, mashine zimefungiwa kwenye kisanduku cha waya ili zisiondoke, benchi, na mwenye kibanda ambaye anamjua kila mtoto na mama yake. Unalipa kwa mechi au kwa muda. Mshindi anabaki, aliyefungwa anaachia padi. Mpira ndio unaotawala, kwa sababu mpira unachezwa na wawili kwenye mashine moja, hauhitaji intaneti, na hauulizi jina la mtu. Wachezaji wengi wa kona hii ya dunia walijifunzia hapo. Bila shaka mnamfahamu Sylvia Gathoni wa Kenya, anayeitwa Queen Arrow, aliyefika mashindano ya kimataifa kwa Tekken; mchezo wa kupigana mmoja kwa mmoja mbele ya skrini moja ndio unaofaa mazingira ya namna hii.

Marvel Rivals ikiingia kibandani inakutana na ugumu mwingine. Haina namna ya kugawa skrini, hivyo anacheza mmoja na wengine wanatazama. Haifunguki kabisa bila intaneti. Na inataka akaunti, ambayo inakuwa ya mwenye kibanda. Nimemtazama binti mmoja wa sekondari akimcheza Luna Snow, mmoja wa watabibu, kwa namna ambayo wakubwa wote kibandani walinyamaza. Alikuwa anajua lini aingie na lini atoke, alikuwa anamtazama anayebeba mapigo mbele kabla hajaanza kupungukiwa, na nguvu yake kuu aliitunza mpaka wale wa upande wa pili walipotoa zao zote. Alipomaliza muda wake akaachia padi, akachukua begi lake akaondoka. Kumbukumbu za mechi ile zimebaki kwenye akaunti ya mwenye kibanda, pamoja na za vijana wengine wote wa mtaa, wazuri na wabovu, zimechanganyika. Mfumo wenu unaopanga wachezaji kwa uwezo unamwona mtu mmoja mwenye tabia za ajabu, leo bingwa, kesho hajui kitufe. Binti mwenyewe hamumjui kabisa.

Ninyi hasa ndio mnaoweza kulielewa hili. Kampuni yenu ilianzishwa 1997, na ilikua katika miaka ambayo vijana wa China walichezea kwenye vibanda vya intaneti vya mitaani, watu wengi hawana kompyuta nyumbani. Tangu mwaka 2000 mashine za gemu zilipigwa marufuku kuuzwa China. Marufuku ilianza kulegezwa 2014 na kuondolewa nchi nzima 2015. Kwa miaka yote hiyo watu wenu walizipata kwa njia za pembeni, na walicheza. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa sababu hawakuwa kwenye orodha rasmi basi China haina wachezaji. Korea nako vibanda vya kompyuta vilipoenea, kampuni za michezo hazikuvikwepa. Zilikwenda kuzungumza na wenye vibanda, zikawapa wateja wao nafuu na mashujaa wa kufunguliwa wakiwa humo. Kwa nini kibanda cha Manzese au Kayole kisizungumzwe nacho namna hiyo? Mpeni mchezaji uwezo wa kuingia kwa namba yake ya simu kwenye mashine yoyote, mechi zake zimfuate, kisha atoke bila kuacha kitu chake kwenye mashine ya mwenzake. Mpeni mwenye kibanda akaunti inayotambulika kuwa ni ya kibanda. Hamtapoteza kitu, maana hawa ni watu ambao kwa sasa hata hamuwahesabu.

Ukubwa wa mchezo niutaje kwa kifupi tu. Ni makumi ya gigabaiti, na kila msimu unakuja na mzigo wake. Watu huku hupakua usiku wa manane kwa bando la usiku. Mkitangaza mapema ukubwa wa kila sasisho kwa PS4, mtu atajua aweke pesa kiasi gani. Hilo halihitaji mkutano.

Seva ndilo jambo linalohitaji mkutano. Mwanga ndani ya nyaya za baharini husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na hakuna mhandisi anayeweza kuuongezea mwendo. Kutoka Nairobi hadi Frankfurt kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 6,300. Kwenda na kurudi, kwa hesabu tu ya mwanga, ni zaidi ya milisekunde 60 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), na nyaya haziendi kwa mstari ulionyooka: zinashuka Mombasa, zinapanda Bahari ya Shamu, zinavuka Mediterania, ndipo zinaingia Ulaya. Ukiongeza mitambo ya njiani na mtandao wa simu wa mtumiaji mwenyewe, milisekunde 100 zinavukwa kwa urahisi. Johannesburg iko kama kilomita 2,900 kutoka Nairobi, chini ya nusu ya umbali huo. Na majengo ya kuweka seva yapo huko: Microsoft ilifungua vituo vyake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town 2020, Google Johannesburg 2024. Siombi mchimbe msingi. Naomba mkodi chumba kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa.

Kwa nini ninakazania milisekunde? Mtazameni Black Panther. Kazi yake yote imejengwa juu ya alama: anamtia adui alama ya vibranium, yale madini ya kubuni ya Wakanda, kisha anamrukia, na kama mruko umempata mwenye alama, mruko unarudi hapohapo anaweza kuruka tena. Mchezaji mzuri anaunganisha mmoja hadi mwingine, anaingia, anapiga, anatoka kabla hawajageuka. Kila hatua inategemea kwamba ulichokiona kwenye skrini ndicho seva ilichokiona. Ukichelewa kidogo, wewe uliona alama, seva inasema adui alishasogea, mruko haurudi, umebaki katikati ya watu sita huna pa kwenda. Huku vijana wanamwacha. Wanachukua wahusika wanaosamehe ucheleweshaji, wenye mapigo mapana na kazi ya kusimama mahali pamoja. Mfalme wa Wakanda, nchi iliyowekwa kwenye ramani jirani na kwetu, ndiye shujaa mgumu kuliko wote kumcheza ukiwa Afrika Mashariki. Sijui kama kuna mtu kwenye meza zenu aliyewahi kuambiwa hilo.

Najua pia kwamba lawama zote si zenu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania na majirani zake wakakaa siku kadhaa na intaneti ya kuchechemea. Siku kama hizo hakuna seva ya Johannesburg itakayotuokoa, maana hitilafu yenyewe ilikuwa upande huohuo wa kusini. Hilo ni la wakubwa wa hapa nyumbani, la kuwekeza kwenye njia nyingi zaidi, na barua yao wataandikiwa. Ila siku za kawaida, ambazo ndizo nyingi, umbali wa seva ni uamuzi wa mtu aliyekaa ofisini akaangalia idadi ya akaunti kwa kila nchi. Na hapo ndipo mambo mawili yanapokutana. Mtu huyo akifungua takwimu zake ataona wachezaji wa Kenya ni sifuri na wa Tanzania ni sifuri, kwa sababu wote wamejiandikisha kuwa Waingereza na Waafrika Kusini. Ataamua kwa haki kabisa, kwa takwimu alizonazo, kwamba hakuna haja ya seva karibu nasi. Orodha isiyotutaja inazaa takwimu zisizotuona, na takwimu hizo zinaithibitisha orodha.

Wakuu wa Marvel Games, kwenu nina machache. Mmekuwa mkila matunda ya jina la Afrika Mashariki tangu 1966, na kwa sehemu kubwa mmelitumia kwa heshima. Watoto wa huku wanampenda T'Challa kama wanavyompenda mjomba. Mnapokaa kutia saini na anayetengeneza mchezo na anayemiliki mashine, mna sauti. Ulizeni tu swali moja: wale ambao mashujaa hawa wametajwa kuwa wao, wanaweza kuingia? Na kama mtapata nafasi ya pili ya kuongea, ongeeni kuhusu lugha. UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na huhesabu wazungumzaji wake kuwa zaidi ya milioni 200. Sitegemei sauti za mashujaa zirekodiwe upya kesho. Lakini maelezo ya nguvu za kila shujaa, yale maandishi mafupi yanayosema kitufe hiki kinafanya nini, yangeweza kuandikwa kwa Kiswahili na watu wachache ndani ya muda mfupi. Kibandani leo kijana mmoja anayekijua Kiingereza ndiye anayewasomea wengine, na akiwa hayupo wanabonyeza kwa kubahatisha.

Ninachoomba, basi, ni hiki. Sony, wekeni Tanzania, Kenya na majirani zetu kwenye orodha ya nchi za akaunti, na mseme lini. Kama duka kamili haliwezekani kwa sasa, fungueni akaunti peke yake kwanza, maana mchezo wa bure kama huu hauhitaji malipo ya dukani ili uchezwe. Kisha wapeni wale waliolazimika kuandika nchi nyingine njia ya kuhamisha akaunti zao bila kuadhibiwa na bila kupoteza walichonunua. Hili la mwisho ndilo la muhimu kuliko yote, kwa sababu mkitufungulia orodha mkatuacha na akaunti za zamani zilizofungwa kwenye nchi za watu, mtakuwa mmewaadhibu waliowapenda mapema zaidi. NetEase, tangazeni hadharani seva iliyo karibu zaidi na Afrika Mashariki iko wapi, na mpime mahitaji kwa mahali mawasiliano yanapotoka badala ya nchi iliyoandikwa kwenye akaunti, hapo mtatuona. Kisha mtume mtu Dar au Nairobi akakae kibandani wiki moja, aone mchezo wenu unavyochezwa na watu kumi kwa padi moja.

Nipo tayari kumpokea na kumzungusha. Wenye vibanda ninaowafahamu wako tayari pia.

Wenu,
Mchezaji wa PS4,
Dar es Salaam, Tanzania